Peson imezeeka: tuibadilishe bila kupoteza kilo wala imani

Katika makoperative mengi ya kahawa na mahindi kuko chombo kimoja kinachopendwa kupita vingine: mizani ya mkono, ile ya kutundika, tunayoita peson. Uso wa duara, sindano moja, ndoano chini. Wamama wanaijua tangu kwenye kituo cha afya, sababu mizani ya aina hiyo njo inapima watoto wao. Haiombi mapile wala umeme, na kila mwenye kujua namba anaona mwenyewe sindano imesimama wapi. Njo maana hata ikizeeka, watu hawataki kuiachilia.

Lakini mapendo hayaponyeshi resori. Ndani ya peson kuko chuma kilichoviringishwa. Mzigo unakivuta, nacho kinazungusha sindano. Resori ikichoka, inarefuka kupita kiasi, na sindano inaonyesha kilo ambazo haziko. Ikishikwa na kutu, inaweza kukwama na kuonyesha kilo chini ya zile za kweli.

Nani anapata hasara? Sindano ikionyesha kidogo, ni mkulima. Ikionyesha mingi, mkulima anarudi nyumbani na furaha, lakini tuhesabu pamoja. Ndoo ya serizi za kilo 20 inaandikwa 21. Mizigo 100 ya namna hiyo ni kilo 100 zilizolipwa bila kuwako. Inaomba karibu kilo 5 za serizi kupata kilo 1 ya kahawa parche kavu, kwa hiyo kilo kama 20 zitakosekana kwenye depo. Mshika depo ataitwa mwizi, kumbe mwizi ni resori. Na mwisho wa mwaka, ristourne inapungua kwa wote, hata kwa yule aliyefurahi.

Tuipime kwa maji

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Hiyo ni jiwe la kupimia ambalo kila kijiji kinalo bure.

Kwanza, tundika peson bila kitu. Sindano isimame kwa sifuri. Isiposimama hapo, irekebishe kwa skrubu yake.

Pili, tundika bidoni tupu, andika namba yake. Ongeza maji lita 5, kisha 10, 15, mpaka 20. Tumia chombo chenye alama ya lita, hapana kukadiria kwa macho. Kila lita 5, sindano lazima ipande kilo 5.

Tatu, punguza maji vile vile, lita 5 kwa 5. Namba zirudi zile zile. Zikikataa, resori inakwama.

Kama kosa linaongezeka kadiri maji yanavyoongezeka, skrubu haitasaidia. Peson hiyo imemaliza kazi yake.

Tununue ya namna gani?

Tuanze na mzigo wetu, hapana na bei. Peson ya kilo 100 inaweza kuwa na alama za kila gramu 500. Mama akileta ndoo ya kilo 7 na gramu 400, mwandishi anaandika 7. Akipoteza vile mara 20 kwa msimu, ni kilo 8 zimeenda. Kwa ndoo, peson ya kilo 25 yenye alama za gramu 100 inafaa zaidi. Lakini tusiipitishe kilo zake hata siku moja: resori iliyovutwa kupita nguvu yake hairudi tena.

Ile ya elektronike inaonyesha hata gramu 10 au 20, lakini inaogopa mvua, na mapile yakiisha kazi inasimama. Kabla ya kulipa, fungueni mlango wa mapile. Ikiomba pile bapa kama kifungo cha shati, ulizeni kwanza kama duka la kijiji linayo. Ile ya mapile madogo ya radio au tochi ni rahisi zaidi. Angalieni pia maandishi kando ya namba. Kuko zenye kitufe cha kubadilisha kipimo: mzigo wa kilo 10 unasoma 22, sababu imehamia kwa «lb», yaani livre. Mtu asiyejua anaweza kudanganywa hapo.

Siku ya kubadilisha

Mizani mpya isitoke mfukoni mwa prezida na kuanza kazi asubuhi ile. Ipimwe kwa maji mbele ya wanachama. Kisha, kwa siku mbili za kupokea mazao, mzigo mmoja upite kwa zote mbili, ya zamani na mpya, na namba zote mbili ziandikwe ndani ya kitabu. Watu wataona wenyewe tofauti iko wapi.

Baadaye ya zamani iondoke kabisa mahali pa kupimia. Mizani mbili zikikaa pamoja, kila mtu atachagua ile inayompendelea.

Kitu tulichopenda kwa ile peson ni kwamba mkulima na mpokeaji walisoma namba moja, kwa wakati mmoja. Basi hata mpya itundikwe kwa urefu wa macho, uso wake kwa mkulima, namba isomwe kwa sauti mbele ya kuandikwa. Na kila juma, wawili wa komite ya kontroli warudie ile bidoni ya maji kabla ya mzigo wa kwanza.