Kabla Ufungue Kitabu cha Mwisho: Mbona Wasee Hurudia Wheel of Time Yote Kutoka Mwanzo

Kuna wazimu mmoja ambao ni mashabiki wa vitabu tu wanauelewa. Kitabu cha mwisho cha hadithi uliyoifuata miaka nenda miaka rudi kinatangazwa, tarehe iko, na badala ya kukingoja kama mtu wa kawaida, unarudi kwa kitabu cha kwanza. Unaanza upya. Zaidi ya kurasa elfu kumi za vitu ushasoma.

Kama mtu wa kwenu amewahi kukuuliza "si hiyo ulimaliza?", hii story ni yako. Na kama wewe ni wa TV, ukaachwa kwa mataa Prime Video ilipozima The Wheel of Time Mei 2025 baada ya sizoni tatu, pia wewe kaa hapa. Hadithi yenyewe iliisha kitambo kwa vitabu, na venye iliisha ndiyo inaonyesha kwa nini watu husoma upya.

Tucheki hesabu kwanza. Vitabu ni 14. Ukiongeza New Spring, kile kifupi cha 2004 kinachoeleza mambo ya kabla, vinakuwa 15. The Eye of the World kilitoka Januari 1990, A Memory of Light kikatoka 8 Januari 2013. Hiyo ni miaka 23, buda. Mtu aliyeanza akiwa kidato cha pili alikuwa anagonga 40 akifunga ukurasa wa mwisho. Maneno ni zaidi ya milioni nne. Ukisoma maneno 250 kwa dakika, saa mbili kila siku bila kuruka hata Krismasi, itakuchukua kama miezi minne na nusu. Wahusika wenye majina wanapita elfu mbili, na Aes Sedai wengi wana majina yanayofanana hadi unashuku mwandishi alikuwa anakuchezea.

Kwa hivyo sababu ya kwanza ya kurudia ni ile ya wazi: umesahau. Vitabu vitatu vya kwanza vilitoka 1990 na 1991, mbio mbio. Baadaye mambo yakapoa. Kati ya Crossroads of Twilight cha Januari 2003 na Knife of Dreams cha Oktoba 2005 ni karibu miaka mitatu, na hakuna kichwa cha binadamu kinaweza kushikilia nani alimsaliti nani muda wote huo. Lakini kama shida ingekuwa kusahau tu, ungesoma muhtasari kwa simu dakika ishirini na umalize. Watu hawafanyi hivyo. Kuna kitu muhtasari haukupi.

Kitu chenyewe ni hiki. (Naharibu uhondo kidogo, kama hutaki ruka aya hii.) Kwa kitabu cha kwanza kabisa kuna dem anaitwa Min, anafanya kazi kwa hoteli mjini Baerlon. Yeye huona picha zikielea karibu na watu, na picha hizo huwa zinatimia. Akimwangalia Mat anaona vitu kadhaa, na kimoja ni jicho juu ya mizani. Mara ya kwanza unapita hapo kama mathree inayopita steji, kwa sababu uko mbio kujua kama majitu yanayowakimbiza yatawashika. Kitabu cha nne, The Shadow Rising cha 1992, Mat anapita mlango wa ajabu na viumbe wa upande ule wanamtabiria hasara: nusu ya mwanga itamtoka, na hiyo ndiyo bei ya kuokoa dunia. Unadhani ni mafumbo ya kujaza kurasa. Halafu 2010, kwa Towers of Midnight, Mat anaingia mahali kumtoa mtu aliyefungwa huko, na anachoacha nyuma ni jicho lake moja.

Miaka 20 kutoka mizani hadi jicho. Ukisoma mara ya pili ukifika hapo Baerlon unasimama. Mwandishi alijua. Alikuonyesha mapema, wazi kabisa, na wewe ukapita.

Ama chukua ile kesi ya Asmodean. Mwishoni mwa The Fires of Heaven, 1993, jamaa anafungua mlango, anamtambua mtu aliyesimama hapo, anakufa. Hatuambiwi ni nani. Mashabiki walibishana kuhusu muuaji kwa miaka 17, na mwandishi akikazia kwamba dalili ziko zote kwa vitabu, someni. Jibu rasmi lilikuja Towers of Midnight, tena si kwa sura yoyote. Liliwekwa kwa orodha ya majina pale nyuma ya kitabu, mstari tu, kama mtu anayeacha funguo mezani akitoka. Waliokuwa wamesoma upya wengi walikuwa washamtaja. Hiyo raha hauwezi kupewa na muhtasari.

Sasa tufike penye kuna uzito.

Robert Jordan lilikuwa jina la kuandikia. Jina lake kamili ni James Oliver Rigney Jr., mtu wa Charleston, South Carolina, aliyepigana vita vya Vietnam. Mwaka wa 2006 alitangaza ana amiloidosisi, ugonjwa adimu uliokuwa umeingia moyo. Tarehe 16 Septemba 2007 akafa, miaka 58, vitabu 11 vikiwa vimetoka na kimoja kikuu kikiwa kimebaki. Alijua muda ni mchache. Aliacha maandishi, akasimulia familia mambo ya mbele yakarekodiwa, na sehemu ya mwisho kabisa ya hadithi alikuwa ameshaiandika mwenyewe.

Fikiria wewe ni shabiki wakati huo. Umetoa miaka 17 ya maisha yako kwa hii kitu. Mwenyewe ameenda. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye alikuwa mhariri wake tangu kitabu cha kwanza, anasoma tanzia iliyoandikwa na mwandishi kijana anaitwa Brandon Sanderson, anampigia simu, na kabla mwaka uishe inatangazwa kwamba huyo ndiye atamalizia. Sanderson alikuwa na vitabu vichache tu sokoni. Wasee wengi walikuwa wanamwona kama fundi anayeitwa kumalizia nyumba bila kujua mwenye ramani aliweka paipu wapi.

Na unajua kitu cha kwanza alichofanya ni nini? Alirudi The Eye of the World akasoma zote upya. Alikuwa shabiki tangu akiwa tineja, alizijua, na bado hakuandika kabla ya kupita tena kila kitabu akichukua noti. Nadhani hapo ndipo hata wale wabishi walianza kumpa nafasi. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu: The Gathering Storm 2009, Towers of Midnight 2010, na A Memory of Light 2013.

Kwa hivyo kwa Wheel of Time, kurudia kabla ya mwisho kulikuwa na kazi mbili. Kulikuwa kumuaga Jordan, hiyo haihitaji maelezo. Pia kulikuwa kujiandaa kuhukumu. Kama mkono mwingine ndio unamaliza hadithi, utajuaje kama imeishia kwake au imetekwa nyara, kama masikio yako yamesahau sauti ya mwenyewe? Mfano ni Mat tena. Ukitoka moja kwa moja Knife of Dreams, penye Mat ni mjanja anayejidai hataki ushujaa, ukaingia The Gathering Storm, unasikia tofauti kurasa mbili za kwanza. Ucheshi umebadilika. Sasa yeye ndiye anatafuta kuchekesha, na Mat wa Jordan huchekesha bila kujua. Mashabiki walilia, na Sanderson mwenyewe baadaye alikubali hapo hakupiga penyewe. Aliyesoma kitabu kile cha mbele miaka minne kabla aliona tu "kuna kitu kimekataa." Aliyetoka kukisoma wiki jana alijua ni nini.

Lakini pia ilifanya kazi upande ule mwingine. Ile sehemu ya mwisho ya A Memory of Light, iliyoandikwa na Jordan, mwenye ametoka kusoma vyote anaitambua sauti kabla aambiwe. Imetulia. Kabla yake kuna sura moja tu ya vita inayoenda karibu kurasa 200 (ndiyo, sura moja, beba maji), na ukitoka kwa hizo kelele ukaangukia hiyo sauti ya mzee, aki, si rahisi.

Basi kama unataka kuingia hii safari, mambo machache. Katikati kuna jangwa. Mashabiki wanalijua na wanalilalamikia: kuanzia kitabu cha nane hivi hadi cha kumi, hadithi inatambaa. Crossroads of Twilight ndicho kinatukanwa zaidi, na kwa haki. Winter's Heart kiliisha na tukio kubwa ajabu, watu wakangoja zaidi ya miaka miwili, halafu kitabu kinachofuata kinatumia kurasa mingi kuonyesha watu wengine walikuwa wapi siku hiyo hiyo. Mimi ningekasirika pia. Ila ukisoma mfululizo bila kungoja, maumivu yanapungua sana, kwa sababu kilichochoma watu zaidi kilikuwa kalenda. Usikiruke chote. Mwisho wake ndio mlango wa mambo ya Egwene kwa vitabu viwili vinavyofuata, na hayo ni kati ya mazuri zaidi kwa hii hadithi nzima. Zile sura za Perrin akizunguka kambi unaweza kupita haraka, hakuna atakushtaki.

New Spring usianze nayo hata kama matukio yake ni ya kwanza. Iliandikwa kwa mtu anayemjua Moiraine tayari. Iweke baada ya kitabu cha kumi, kama ilivyotoka, upumue.

Na kama macho yamechoka ama uko kwa jam kila asubuhi, kuna vitabu vya kusikiliza, vilivyosomwa na Michael Kramer na Kate Reading. Zinapita saa 400. Utaitika majina vizuri pia, maana ukisoma peke yako kuna wahusika utawaita vibaya hadi ufe.

Wale wa Game of Thrones mnajua mko wapi. George R. R. Martin alitoa cha kwanza 1996, cha tano, A Dance with Dragons, kikatoka Julai 2011, TV ikamaliza yake Mei 2019, na The Winds of Winter, cha sita kati ya saba vilivyopangwa, hadi naandika hii haijaonekana. Kuna wasee wameshasoma vyote vitano mara nne wakingoja. Ushauri wangu: sare. Mashabiki wa Jordan walikuwa na tarehe, na walijua mwisho umeandikwa na umewekwa mahali. Nyinyi hamna hata kimoja. Ukirudia sasa, kitabu kikitoka utakuwa umesahau tena na hautakuwa na nguvu ya kuanza.

Vitabu vyake vitano ni kama maneno milioni 1.7, miezi miwili kwa mwendo wetu wa saa mbili kwa siku. Wachapishaji hutangaza mapema kuliko hapo. Ngoja tarehe, kisha anza. Na ukifika A Feast for Crows na A Dance with Dragons, vichanganye, sura kutoka huku, sura kutoka kule, kwa sababu sehemu kubwa ya matukio yake yanatokea wakati mmoja na yaligawanywa tu kwa vile kitabu kilikuwa kimenona kupita kiasi. Mashabiki washatengeneza mpangilio wa hizo sura, ziko wazi kwa intaneti. Vikisomwa hivyo, hata Feast, ambacho wengi hukichukia, kinabamba.