KENYA: KIPANDE CHA WAYA KILICHOMPOTEZEA MWENZETU VIDOLE



Miaka michache iliyopita tulipokwenda Kenya kuwatembelea wenzetu, tulifika katika kiwanda kimoja cha kusaga unga wa mahindi. Hatutakitaja jina, wala hatutamtaja ndugu yetu aliyeumia, kwa kuwa ndivyo tulivyomwahidi. Lakini yaliyompata yeye yanaweza kumpata mtu yeyote anayelisha mashine, iwe ni ya unga, ya chai, ya kahawa au ya chakula cha mifugo.

Katika kiwanda hicho mahindi humiminwa kwenye hopa, yaani lile pipa kubwa la juu lenye mdomo mpana. Chini ya hopa mna skrubu ya chuma inayozungushwa na mota, nayo ndiyo inayosukuma mahindi kwenda kwenye kinu. Mahindi yakiwa na unyevu, au kamba ya gunia ikianguka ndani, hopa huziba. Hapo mfanyakazi hana budi kufungua kifuniko na kuzibua.

Waliotengeneza mashine ile hawakuwa wajinga. Kwenye kifuniko waliweka swichi ndogo, ili kifuniko kikiinuliwa umeme ukatike na skrubu isimame. Tena kitufe cha kuwashia walikiunga kupitia kontakta. Ukibonyeza, kontakta hujishika yenyewe na mota huenda. Umeme ukikatika, kontakta huachia. Umeme ukirudi, mashine hubaki kimya mpaka mtu aje kubonyeza kitufe tena kwa mkono wake. Hiyo ni kinga kubwa katika nchi zetu, ambako umeme huenda na kurudi bila kubisha hodi.

Usiku wa ajali stima, kama wenzetu wanavyoiita, ilikatika katikati ya zamu. Hopa ilikuwa imeziba. Ndugu yetu akaona afadhali atumie nafasi hiyo kuzibua, maana kila kitu kimesimama. Akainua kifuniko, akaingiza mkono. Stima ikarudi. Hakuna aliyebonyeza kitufe chochote, lakini skrubu ilizunguka. Alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia.

Asubuhi yake uongozi ulisema kwamba ni uzembe. Walisema mfanyakazi amefundishwa asiingize mkono ndani ya mashine, naye ameuingiza. Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, ikingoja sahihi yake hospitalini.

Wenzetu wa tawi hawakuikubali karatasi ile. Waliuliza swali moja tu: ikiwa kifuniko kilikuwa wazi, na hakuna aliyebonyeza kitufe, mashine ilijiwasha vipi? Wakadai sanduku la swichi lifunguliwe mbele ya mkaguzi wa usalama wa serikali, na lisiguswe na mtu kabla hajafika.

Lilipofunguliwa mambo yakawa wazi. Kipande cha waya, kirefu kama kidole, kilikuwa kimeunganisha ncha mbili za swichi ya kifuniko, hata mashine ikadhani kifuniko kimefungwa siku zote. Na kile kitufe cha kuwashia kilikuwa kimeondolewa, pakawekwa swichi ya kawaida, kama ya taa ya nyumbani. Swichi ya namna hiyo ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi mota nayo huondoka mara moja.

Kwa nini nyaya zilibadilishwa? Kwa sababu kila kifuniko kilipofunguliwa uzalishaji ulisimama, na kila stima ilipokatika ilibidi mtu apande ngazi kuwasha upya. Msimamizi alitaka magunia. Akamwambia fundi umeme afanye maarifa, naye fundi akafanya.

Hapa tuseme ukweli, ndugu. Fundi yule ni mwanachama wetu. Na wafanyakazi wa zamu ile walikijua kile kipande cha waya. Wengine walikifurahia, kwa kuwa mashine isiyosimama iliwaletea marupurupu ya magunia ya ziada. Katika mkutano wa tawi baadhi walitaka fundi afukuzwe chamani. Mzee mmoja akasimama akauliza, je, fundi angekataa amri ya msimamizi peke yake, nani kati yetu angesimama naye? Ukumbi ukanyamaza.

Mkutano ukaamua kwamba fundi asitolewe kafara, bali aseme yote mbele ya mkaguzi. Alisema yote, pamoja na jina la aliyemwamuru. Ile karatasi ya uzembe ikatupwa, na ndugu yetu akalipwa fidia yake.

Sheria iko upande wetu tukiijua. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Inasema pia kwamba mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale mpaka hatari iondolewe. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aliyepata habari ya ajali aitoe kwa serikali ndani ya siku 7. Sisi Tanzania tunayo sheria yetu ya usalama kazini ya mwaka 2003, na Uganda wana yao ya mwaka 2006. Na Mkataba wa Kazi wa Kimataifa namba 119 wa mwaka 1963 unakataza mfanyakazi kulazimishwa kutumia mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake. Mkataba huo huo unamkataza mfanyakazi naye kuziharibu kinga hizo. Tuzishike sehemu zote mbili.

Hatusemi kwamba nyaya zisiguswe kamwe. Wenzetu walidai mabadiliko mengine, nayo yakafanywa. Swichi ya kifuniko ilirudishwa, na kontakta na kitufe chake vikarudi. Wavu wa chuma uliwekwa juu ya skrubu ili mkono usifike. Kikaongezwa kitufe cha kuirudisha skrubu nyuma kidogo ili ijizibue yenyewe, nacho hakifanyi kazi kifuniko kikiwa wazi. Kitufe chekundu cha kusimamisha kikashushwa mpaka pale mlishaji anaposimama. Tulipouliza kuhusu uzalishaji, walituambia kuwa hopa sasa huzibuliwa kwa haraka kuliko zamani.

Basi ndugu, turudipo kazini kesho tufanye haya.

Kwanza, tuinue kifuniko cha hopa mashine ikiwa tupu, mwakilishi wa usalama akiwapo na mkono ukiwa mbali. Mota isiposimama, ile swichi imefungwa kwa waya, na taarifa iandikwe siku hiyo hiyo.

Pili, umeme ukikatika tusimame mbali tungoje urudi. Mashine ikiondoka yenyewe bila kubonyezwa, nyaya zake zimeharibiwa.

Tatu, tusizibue mashine kwa kutegemea kitufe wala kukatika kwa umeme. Swichi kuu izimwe, ipigwe kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Wakiwa wawili, ziwe kufuli mbili. Kisha wabonyeze kitufe cha kuwasha, kuhakikisha kwamba mashine imekufa kweli.

Nne, badiliko lolote la nyaya liandikwe, litiwe sahihi na aliyeliamuru, na mwakilishi wetu apewe nakala. Msimamizi anayeogopa kutia sahihi anajua kwa nini anaogopa. Na fundi anayekataa amri isiyoandikwa asiachwe peke yake.

Tulipomuaga ndugu yetu alitupa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haushiki tena. Alituomba tuwaambieni jambo moja: gunia lililochelewa leo husagwa kesho, lakini kidole hakioti.