Mvua ya Vuli katika Nchi ya Ureno

Watu wengi waendao Ureno kwa matembezi huchagua miezi ya jua, tangu Juni hata Septemba. Mume na mke mmoja wa Mombasa walichagua Novemba, kwa sababu ambayo kila mwenye kuhesabu senti zake ataifahamu: wakati huo nauli ya ndege hupungua, na vyumba vya wageni huwa rahisi. Mume ni karani mstaafu wa bandari, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyecheza utotoni chini ya kuta za Ngome ya Yesu. Mke alifundisha jiografia katika shule za sekondari kwa muda wa miaka 31. Fedha za safari waliziweka akiba miaka minne, na nusu yake ilitoka katika chama cha akina mama ambamo mke ni mweka hazina. Siku walizopata zilikuwa kumi na mbili.

Mume alitengeneza ratiba katika daftari, kama alivyozoea kuandika meli zifungazo gatini: siku, saa na mahali. Juu kabisa aliandika kaburi la Vasco da Gama. Mke hakuandika kitu. Alisema tu kwamba angependa kuuona mwaloni ule ambao gome lake hutengenezwa vizibo vya chupa, maana aliwafundisha watoto habari zake tangu ujana wake, naye mwenyewe hajapata kuugusa.

Mvua iliwapokea Lisbon. Wareno nao wana vuli yao. Pepo za bahari ya Atlantiki huleta mawingu mazito kuanzia Oktoba, na mvua huendelea kwa vipindi wakati wote wa baridi. Si mvua kama ile ya pwani ya Kenya, imwagikayo saa moja kisha jua likatoka. Hii hunyunya kutwa, hukoma kidogo mtu apate kufunga mwavuli, kisha hurudi pamoja na upepo na kuupindua.

Mji wa Lisbon umejengwa juu ya vilima, na njia zake za miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kwa nakshi. Vikiwa vikavu hupendeza macho. Vikilowa huteleza kama sabuni. Sehemu ya chini ina barabara zilizonyooka. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji, bahari ikapanda, na moto ukateketeza yaliyosalia. Ndipo waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, alipoijenga upya sehemu hiyo kwa kipimo.

Siku ya pili walikwenda Belém, kwenye kanisa la Jerónimos, ambalo ujenzi wake ulianzishwa na Mfalme Manuel wa Kwanza. Kaburi la Vasco da Gama limo humo, jeneza la jiwe lililochongwa, na juu yake sanamu ya nahodha amelala, mikono ameikutanisha. Mume alisimama mbele yake muda mrefu, maji yakimdondoka kotini. Nahodha huyu alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, asipatane na wenyeji, akaenda Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi India. Wareno waliomfuata waliiteketeza Mombasa mwaka 1505, na tena mwaka 1528. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na mwaka 1698 walinyang'anywa na Waarabu wa Oman baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Mume aliyasikia hayo kwa babu yake kabla ya kuyasoma kitabuni. Tangu Mombasa alikuwa amekusudia kusema neno mahali pale, neno zito, lakini lilipofika wakati wake halikutoka.

"Basi ndiye huyu," alisema.

"Ndiye, bwana," mke alijibu. "Naye alisafiri kinyume cha msimu kama wewe."

Hilo ni kweli, na watu wa pwani wataliona upesi. Katika kwenda, upepo wa kusi ulimchukua Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Katika kurudi hakungoja kaskazi ivume sawasawa. Alihangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, hata ikambidi aichome moto merikebu yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mume alicheka, na kicheko chake kikasikika kanisa zima. Mlinzi akageuka kuwatazama.

Siku ya tatu walipanda mlima wa Sintra ili kuona majumba ya wafalme. Hawakuona ila wingu. Siku ya nne mke aliteleza katika kichochoro cha Alfama, akaanguka na kuumia goti. Mwenye duka la dawa alilifunga kwa kitambaa, akamwonya asitembee sana.

Usiku ule mume alilifungua daftari lake, akaanza kufuta. Évora akaifuta. Porto akaifuta. Kisha akasema ingefaa kuuliza kama tikiti za ndege zaweza kubadilishwa, warejee nyumbani. Hapo pakatokea maneno. Watu waliokaa katika ndoa miaka 38 hawagombani kwa makelele, lakini hujua pa kugusa. Mke alisema fedha zile hazikuwa za mume peke yake, na kwamba kaburi lake amekwisha kuliona.

"Miaka 31 nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto wa watu: nchi hizi hupata mvua wakati wa baridi, na kiangazi chao ni kikavu. Leo mvua yenyewe imeninyeshea, nawe wataka nirudi kwa ajili ya goti?"

Mume alijibu kwamba goti ni la mke, lakini mizigo itakuwa yake. Wakalala wamepeana migongo. Alfajiri mke alipoamka, mume hayumo chumbani. Alirudi saa mbili ya asubuhi amelowa chapachapa, na mkononi ana fimbo ya kutembelea na tikiti mbili za kwenda Évora.

Gari la moshi (ambalo siku hizi halina moshi) huchukua muda upatao saa moja na nusu. Évora ni mji wa kale katika jimbo la Alentejo, wenye nguzo za hekalu la Warumi na kanisa dogo ambalo kuta zake zimepambwa kwa mifupa ya watu. Mke alikataa kuingia humo, akisema ameona makaburi ya kutosha. Walipata chumba katika shamba nje ya mji, kwa bibi mmoja mjane aliyekaa na mjukuu wake. Mjukuu alijua Kiingereza, akawa mkalimani.

Jambo la kwanza waliloliona ni kwamba bibi yule hakufunga dirisha. Alikaa karibu nalo akiitazama mvua, kama mtu atazamaye mgeni aliyechelewa. Mjukuu alieleza kwamba kiangazi cha huko huweza kupita miezi mitatu bila tone. Ng'ombe hulishwa majani makavu, visima hushuka, na watu hulala wakinusa hewa kwa hofu ya moto. Hofu hiyo si bure. Mwezi wa Juni 2017 moto wa msitu ulizuka Pedrógão Grande, katikati ya nchi, ukaua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani katika magari yao wakikimbia. Oktoba mwaka huo huo moto mwingine uliua watu wapatao 50, na mvua ndiyo iliyosaidia kuuzima. Mume, aliyeitukana mvua hiyo kwa siku tano mfululizo, alinyamaza kimya.

Kesho yake, mvua ilipopungua, mjukuu aliwapeleka mwaloni. Mti huo hungojwa kadiri ya miaka 25 kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza, na gome la mara hiyo halifai vizibo. Baadaye hubanduliwa kila miaka tisa, katika miezi ya joto, wakati gome likubalipo kuachana na mti. Watu wenye ujuzi hulikata kwa shoka pasipo kuujeruhi mti wa ndani, maana jeraha huharibu gome la miaka ijayo. Kuukata mti wenyewe bila ruhusa ni kosa la sheria. Ureno hutoa kama nusu ya gome hilo lote lipatikanalo duniani. Kwenye shina huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka uliobanduliwa. Mti aliousimamia mke ulikuwa na 9, yaani 2019. Mke aliegemea fimbo, akaweka kiganja juu ya gome, akakaa hivyo kitambo. Chini ya miti nguruwe walikuwa wakila matunda ya mwaloni, na mume alijitenga nao kwa adabu.

Jikoni usiku walipata kicheko kingine. Mjukuu alipotaja meza, mke alilisikia neno bila mkalimani. Wakaanza kuhesabu: leso, kasha, bendera, foronya, limau, karata, mvinyo. Mume akauliza kanisa huitwaje, akaambiwa igreja, naye akawaeleza kwamba yasemekana ndiko lilikotoka neno gereza. Wenyeji walistaajabu kusikia kwamba nyumba yao ya sala imekuwa jela kwa Kiswahili. Lakini Ngome ya Yesu ilikuwa na kanisa ndani yake, na kuanzia mwaka 1895 hata 1958 ilitumiwa kuwa jela. Chakula kilikuwa samaki aliyekaushwa kwa chumvi, bacalhau, ambaye huloweshwa siku moja au zaidi kabla ya kupikwa. Mume alimtambua mara moja kuwa ni ndugu wa ng'onda.

Kutoka hapo walisafiri kaskazini hadi Porto, wakapita upesi, kisha wakafuata mto Douro kwa gari la moshi mpaka Pinhão. Mabonde ya huko ni mawe matupu. Wakulima waliyavunja kwa mikono, wakajenga kuta na ngazi za mizabibu tangu mtoni hadi kileleni, na mipaka ya eneo hilo iliwekwa kwa sheria tangu mwaka 1756. Mkulima wa Machakos angefahamu kazi ile bila kuelezwa. Mizabibu ilikuwa imekwisha kuvunwa, majani yamekuwa mekundu na ya manjano, na maji yalishuka katika kila mfereji.

Tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martinho, jua lilitoka. Wareno husema hutoka kila mwaka, kwa kuwa Martinho, askari, alikata joho lake vipande viwili akamgawia maskini katika mvua. Wenye nyumba walichoma njugu za miti yao, wakaleta na mvinyo mpya. Wageni waliushukuru wakauacha, wakala njugu. Mume alilitoa daftari lakini hakuandika.

Asubuhi yake mvua ilirudi, na mto ulikuwa rangi ya udongo.

Sasa wako Mombasa, na goti limepona. Mke amepiga hesabu kwamba mwaloni ule utabanduliwa tena mwaka 2028, kati ya Juni na Agosti. Amekwisha kuanza kuweka akiba. Mume bado hajaambiwa.