Mwani, sianobakteria na sumu: maneno yasiyopokezana nafasi

Neno "mwani" limezoeleka zaidi kwa mimea ya baharini, hasa ile inayolimwa Unguja na Pemba. Katika maziwa ya maji baridi, neno hilo hupewa pia utando wa kijani unaoelea juu ya maji. Kwa mazungumzo ya kawaida halina kosa. Tatizo huanza pale linapoingia katika tangazo la afya au kitabu cha biolojia, kwa kuwa utando mwingi wa aina hiyo si mwani kwa maana ya kisayansi. Ni sianobakteria: bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na ambao seli zao hazina kiini.

Tofauti hii inawahusu watu wa Kiloleli, mkoani Simiyu, na majirani zao wa Ghuba ya Speke, kama inavyowahusu wote wanaotumia maji ya Ziwa Victoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu Ghuba ya Mwanza ulionyesha kuwamo kwa mikrosistini, sumu inayodhuru ini, na kwamba mtoaji wake mkuu ni sianobakteria wa jenasi Microcystis.

Hata hivyo, si kila Microcystis hutoa sumu. Uwezo huo hutegemea kundi la jeni kumi, mcyA hadi mcyJ, zilizopangwa pamoja katika kipande cha DNA chenye jozi za besi zipatazo 55,000. Mpangilio huo ulielezwa kikamilifu mwaka 2000. Jeni hizo huelekeza utengenezaji wa vimeng'enya vikubwa, navyo huunganisha asidi amino saba katika umbo la duara bila kupitia ribosomu. Seli isiyo na jeni hizo haiwezi kutengeneza mikrosistini, ijapokuwa kwa darubini hufanana na ile iliyo nazo. Rangi ya maji, basi, haitoshi kutoa hukumu.

Kuna hatua nyingine ambayo wafasiri huiruka. Kuwapo kwa jeni si sawa na kuwapo kwa sumu, kwa sababu baadhi ya seli zina jeni za mcy zilizoharibika na zisizofanya kazi. Kipimo cha jeni huonyesha uwezo. Kipimo cha kemikali ndicho huonyesha kiasi cha sumu kilichomo majini. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita, kwa matumizi ya muda mrefu.

Matumizi yanayopendekezwa:

"Sianobakteria wenye jeni za sumu": kipimo cha jeni pekee ndicho kilichofanyika.

"Sianobakteria wanaotoa sumu": utoaji wenyewe umethibitishwa.

"Maji yenye mikrosistini": sumu imepimwa ndani ya maji.

"Ongezeko la ghafla la sianobakteria": hufaa kuliko "maua ya mwani" au "kuchanua kwa mwani", kwani hapa hakuna ua wala mmea unaochanua.

Uangalifu huu una uzito kuliko ufasaha peke yake. Msomaji anayeambiwa kuwa maji yana "bakteria" atafikiri kuyachemsha, kama alivyofundishwa kuhusu kipindupindu. Lakini mikrosistini haiharibiwi na maji yanayochemka. Moto huua seli, nazo zikipasuka huimwaga sumu iliyokuwa ndani yake. Mwezi Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Marekani, walipotangaziwa kuwa sumu hiyo imeingia katika maji ya bomba, waliambiwa wasiyanywe wala wasiyachemshe. Kwa hiyo tangazo la Kiswahili kuhusu utando wa namna hii litaje sumu kwa jina lake, limtake msomaji asiteke maji mahali ulipo utando, na liseme waziwazi kwamba kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.