HOLI: JUU YA NINI WANARUSHIANA RANGI?

Wanafunzi wenzangu, mutu wa kwetu akipita Kasindi mpaka Kampala katika mwezi wa tatu, asishangae akikuta Wahindi wamepakwa rangi mwili muzima. (Idi Amin aliwafukuza 1972, kisha wengine wakarudi.) Hawana wazimu! Ni Holi, sikukuu ya mwezi mpevu.

Hadisi yao iko hivi. Mufalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye. Mutoto wake Prahlada akakataa, akashikamana na Vishnu. Basi shangazi Holika, aliyejua moto haumuwezi, akamupakata, wakaingia motoni. Shangazi akaungua, mutoto akatoka muzima. Inafanana na Danieli 3, sivyo? Ndiyo maana usiku wanawasha moto mukubwa. Asubui yake, unga wa rangi na maji: mudogo anamupaka mukubwa uso, na mukubwa hapaswi kukasirika.