Kutoka Utafiti Hadi Kitabu: Mchango Wetu Unafanya Nini?

Kijana wa parokia akipata nafasi chuo kikuu, hatuhitaji maelezo marefu ili tumchangie. Lakini tukiombwa kusaidia utafiti wa mhadhiri, au uchapishaji wa mswada wake, wajumbe wa kamati huuliza: kwani halipwi mshahara?

Analipwa. Lakini mshahara haulipi nauli za vijijini, posho za wasaidizi, kunakili nyaraka, wala mtu wa kushika vipindi vyake anapokuwa nje ya chuo.

Tuchukue mfano tunaoufahamu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. TUKI ilianza mwaka 1964, ikirithi kazi ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Maneno hukusanywa, hujadiliwa na kufafanuliwa moja moja. Kazi ya namna hiyo haimaliziki jioni baada ya vipindi; huhitaji chuo kitenge watu, muda na fedha. Leo kamusi hiyo hutumiwa na mwalimu, mwanafunzi na mhubiri.

Hatua za kazi

Kwanza ni utafiti wenyewe. Pili ni muda wa kuandika. Tatu, mswada hupelekwa kwa wataalamu wengine wausome na kuukosoa. Ndipo hufuata uhariri, kupanga kurasa, ramani na faharasa, na mwisho kiwanda cha uchapaji. Kitabu cha kitaaluma huuzwa nakala chache, kwa hiyo mchapishaji mara nyingi huomba ruzuku ili bei isiwashinde wasomaji.

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Ufadhili hukoma ripoti inapokabidhiwa, na mswada hubaki kabatini. Wazee waliotoa kumbukumbu zao hufariki bila wajukuu wao kuzisoma popote.

Msaada una mwisho wake

Mwaka 1989 wachapishaji wa Afrika waliunda African Books Collective ili vitabu vyao viuzwe Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi ilisaidiwa na wafadhili. Tangu mwaka 2007 inajitegemea. Msaada uliopangwa vizuri hauleti utegemezi.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kuchangia, kamati iulize: Je, bajeti inaonyesha utafiti na uchapishaji kila kimoja peke yake? Nani, mbali na mwandishi, amesoma mswada? Fedha zinapitia ofisi gani ya chuo, na hesabu zitaletwa lini? Nakala ngapi zitarudi katika maktaba za shule na vijiji vilivyotoa habari?

Majibu yakiridhisha, tusisite. Ada humsomesha mtoto mmoja. Kitabu kizuri kitawasomesha wengi, hata ambao hawajazaliwa.