Muhogo Mchungu Hautaki Haraka



Tunapofundisha lishe kliniki, akina mama hutuuliza sana: "Tule nini?" Ni mara chache tunaulizwa chakula hicho kitengenezwe namna gani. Safari hii tumeona tuzungumzie muhogo, kwa kuwa hakuna nyumba ya Kibiti wala ya delta ya Rufiji isiyoujua. Tunaula wa kuchemsha na nazi, wa kukaanga, jirani zetu Waislamu wanaufuturia Ramadhani, na makopa yakisagwa tunapata ugali wa bada. Hatuna nia ya kuutukana muhogo. Mpunga wa bondeni ukichukuliwa na maji, kama ilivyotokea Aprili 2024 Mto Rufiji ulipofunika mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, muhogo wa mashamba ya juu ndio kimbilio. Lakini ni katika miaka kama hiyo, ya njaa na ya haraka, ndipo muhogo unapoweza kudhuru.

Kila muhogo una asili ya sumu ndani yake. Muhogo mtamu unayo kidogo, na sehemu kubwa iko kwenye ganda. Muhogo mchungu unayo nyingi mpaka ndani ya nyama ya mzizi, na mwaka wa ukame huongezeka. Sumu yenyewe ni sianidi, ile ile ambayo wachimbaji wa dhahabu huitumia migodini. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tuupande mchungu? Anayeuliza hivyo hajawahi kulala shambani akifukuza nguruwe na ngedere. Mchungu wanauogopa, wakulima wanavuna.

Sasa tueleze sumu hiyo inavyotoka. Ndani ya mzizi, asili ya sumu na kimeng'enya kinachoivunja vimekaa vyumba mbalimbali, havigusani. Muhogo ukiloweshwa au ukisagwa, kuta za vyumba hivyo hubomoka, vitu viwili hivyo hukutana, na sumu hugeuka kuwa hewa ikapotea. Ndiyo maana wazee wetu walilowesha. Ukiuanika juani tu siku moja au mbili ukauke upesi, sumu nyingi hubaki humo humo. Na ukiutia mzizi mchungu kwenye maji yanayochemka, moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Kwa hiyo kuivisha vizuri si dawa, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Madhara ni ya namna mbili. Ya kwanza huja saa chache baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kupumua kwa haraka, na ikizidi, degedege na kifo.

Ya pili ni konzo. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Mtoto amelala mzima, asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Hana homa. Akili yake ni timamu. Akiweza kutembea, hutembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana, na wengine hushindwa kabisa kusimama. Hauambukizi, hauzidi, lakini pia hauponi. Huwapata zaidi watoto waliokwisha acha kunyonya na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Hapa kwetu Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na baadaye Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tarime ni mbali, lakini Mtwara ni ndugu zetu wa pwani hii hii, na muhogo ni ule ule. Mara nyingi familia husema mtoto amerogwa, jirani akasingiziwa, na fedha zikaenda kwa mganga.

Kwa nini kijiji kizima kile muhogo, walemae wachache? Mwili una njia yake ya kuifisha sianidi, lakini kwa kazi hiyo unahitaji protini, ile inayopatikana katika samaki, mayai, nyama, na kwa kiasi fulani katika kunde, choroko na mbaazi. Anayekula bada kwa chumvi mchana na usiku, wiki baada ya wiki, hana cha kujikinga nacho. Hili linatuuma, kwa sababu delta ina kamba, perege na kambale. Wavuvi wanapakia kwenye barafu, mzigo unakwenda Dar es Salaam, na nyumbani watoto wanachovya tonge kwenye maji ya chumvi. Tunajua fedha inahitajika. Tunachoomba ni fungu moja dogo libaki kabla mnunuzi hajafika, na akina baba mtusikie katika hili, maana mizani mnaishika ninyi. Na chumvi iwe yenye madini joto, kwa kuwa mabaki ya sumu ya muhogo huzuia mwili kutumia madini hayo, na rovu huota shingoni.

Muhogo mchungu umenye vizuri, uondoe na ganda la ndani. Ukate, uuloweshe ndani ya maji siku tatu mpaka ulainike, kisha utoe nyuzi, uukamue na kuuanika. Maji ya kuloweshea yamwagwe mbali, mbuzi wasiyanywe.

Ikiwa umenunua unga sokoni na hujui ulitengenezwaje, iko njia aliyoigundua mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Tia unga mkavu kwenye beseni na uweke alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu songa ugali siku hiyo hiyo, maana ukilala utaota ukungu. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, akina mama walifundishwa njia hii na konzo mpya haikuonekana tena. Kisamvu nacho kitwangwe kinuni kwanza, ndipo kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa.

Mtu akitapika au kuishiwa nguvu baada ya kula muhogo, msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji mkisubiri kukuche. Mleteni hospitali usiku huo huo, mtuambie alikula nini na saa ngapi, na unga uliobaki mje nao.